Shilingi mia tano kwa kitabu

Tulikuwa tumekaa kwenye treni ya umeme, mimi na mtoto wa dada yangu, tukisubiri iondoke Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa bibi yake. Ana miaka tisa. Mwaka jana tuliposafiri kwa treni hiyohiyo alisoma kila kitu chenye herufi: tiketi yake, tiketi yangu, namba ya behewa, maandishi ya mlangoni, hadi karatasi ya chupa ya maji ya abiria wa jirani. Alisoma kwa sauti mpaka mzee mmoja akavua miwani na kucheka. Safari hii nilimpa tiketi yake aishike. Akaitazama, akanitazama, akauliza, "Mamdogo, nikiisoma hii nayo utanipa mia tano?"

Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza bei, kama mtu anavyouliza bei ya nyanya.

Mpango ulikuwa wangu mwenyewe. Naishi Kimara kwa dada huku nikisoma shahada ya uzamili ya elimu. Dada hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi wa Kariakoo, ambako anauza vitenge katika duka la mtu, na hurudi saa mbili usiku, kwa hiyo jioni za mtoto ni zangu. Yuko darasa la nne. Anayeijua shule ya msingi ya Tanzania anajua maana ya darasa la nne: mwishoni mwa mwaka kuna upimaji wa kitaifa, na asiyefikia kiwango hurudia darasa. Tangu Januari ikawa tuisheni Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi mitihani ya miaka iliyopita. Kufika Machi mtoto alikuwa anakitazama kitabu kama anavyoitazama dawa ya minyoo. Nikapata wazo. Kila kitabu cha hadithi atakachomaliza, sarafu moja ya mia tano.

Wiki ya kwanza nilijiona mwerevu sana. Baada ya wiki tatu alikuwa amemaliza vitabu 11 na mimi nimetoa shilingi 5,500. Ndipo nikaanza kuona kwamba kila kitabu alichochagua kilikuwa chembamba kuliko kilichotangulia, na kwamba akikishika tu hufungua ukurasa wa mwisho, si kwa hamu ya kujua hadithi inaishaje bali kuona ina kurasa ngapi. Kitabu cha 11 nilimhoji. Nikamuuliza sungura alitokaje kisimani. Akajibu bila kupepesa macho kwamba alipanda ngazi. Hakukuwa na ngazi yoyote. Nilipokifungua kitabu ili nimuumbue nikakuta hakukuwa na kisima pia. Nilikuwa nimekichanganya na kitabu kingine. Mtoto alikuwa hajakisoma, na mimi pia nilikuwa sijakisoma.

Aibu inazidi kwa sababu mambo haya yamo kwenye madaftari yangu ya chuo. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilolifanya na watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora. Kundi la pili lilichora bila kuahidiwa, kisha likapewa cheti kwa kushtukizwa. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, vyeti vikiwa vimesahaulika, kalamu ziliwekwa tena mezani na kila mtoto akaachwa afanye atakalo. Wale walioahidiwa walitumia kwenye kuchora kama nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Niliandika insha nzima juu ya jaribio hilo na nikapata alama nzuri. Kisha nikarudi Kimara na kuanza kugawa sarafu.

Lakini nisiwe mwepesi wa kujihukumu, maana ushahidi hauelekei upande mmoja. Miaka mingi baadaye mchumi Roland Fryer alijaribu kuwalipa watoto wa shule katika miji kadhaa ya Marekani, na mwaka 2011 akachapisha alichokiona. Kule Dallas watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu, wakishafaulu maswali mafupi kwenye kompyuta kuthibitisha kwamba wamekisoma. Kwa waliopimwa kwa Kiingereza, ufahamu wao wa kusoma ulipanda. Kule New York, ambako walilipwa kwa matokeo ya mtihani yenyewe, hakukuonekana mabadiliko ya maana. Nilipomsimulia dada habari ya Dallas alisema, "Sasa tatizo lako nini? Tatizo lako hukuwa na kompyuta."

Anaweza kuwa sahihi. Ila swali linaloninyima usingizi si kama pesa inafanya kazi. Ni kwamba nilikuwa nataka mtoto apende kusoma, na upendo si kitu ambacho mtu mzima ana haki ya kumdai mtoto. Utii nitamdai. Adabu nitamdai, apige mswaki, amwamkie mzee, amalize kazi ya hesabu. Lakini nikimwambia "penda", ninaomba kitu ambacho akinipa kwa amri yangu kitakuwa kimekwisha kuharibika. Plato aliliona hili katika Jamhuri: anasema somo lililoingizwa kwa nguvu halikai rohoni, na mtu huru asifundishwe kama mtumwa. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah aliyoiandika mwaka 1377, analisogeza mbele zaidi. Anasema ukali wa mwalimu humfundisha mtoto uongo na hila, kwa sababu mtoto anajikinga. Nilipoisoma sehemu hiyo nilidhani inahusu fimbo peke yake, na fimbo tunaijua. Sasa naona sarafu nayo inafanya kazi ileile kwa sura ya upole. Ngazi ya sungura ilikuwa uongo wa kujikinga. Sijawahi kumpiga mtoto huyu hata siku moja, na bado nilikuwa nimemfundisha kunidanganya.

Dada hakubali. Ana hoja, na hoja yake nzito kuliko ninavyopenda.

"Samaki mkunje angali mbichi," aliniambia usiku mmoja akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Nikamjibu kwamba samaki anayekunjwa amekwisha kufa.

Hakucheka. Akasema, "Mdogo wangu, mapenzi ya kusoma hayalipi kodi. Nani alipenda kujua vitu kuliko kaka yako?"

Hapo alinishika. Kaka yetu, aliyenitangulia mimi, ndiye mtoto mwenye udadisi kuliko wote niliowahi kuwajua. Akiwa na miaka 10 aliifungua redio ya baba, akaishindwa kuifunga, akachapwa, na wiki moja baadaye akaifungua tena kwa sababu alikuwa amelala akiifikiria na amejua kosa lake. Ile redio ilisema. Shuleni alikuwa mtu wa kuuliza. Siku moja kidato cha pili alimuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini balbu ikiungua hufanya weusi ndani. Aliuliza kwa Kiswahili, akaambiwa aulize kwa Kiingereza. Akajaribu. Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka. Kaka hakuuliza tena pale. Kidato cha nne alipata divisheni ziro. Leo ana meza ya kutengeneza simu mjini Morogoro, anajifunza kila siku kwa video na kwa kuunguza vidole, na kwa lugha yetu yeye si msomi. Neno hilo tumelifungia kwenye vyeti. Wala sidhani ni bahati mbaya kwamba kitenzi "kusoma" tumekibebesha mizigo miwili, kupitisha macho kwenye maandishi na kwenda shule. Ukimuuliza kaka "unasoma?" atakujibu "niliacha".

Mimi nilikuwa kinyume chake. Nilisoma kwa maana ya kwenda shule, nikapata A nyingi, jina langu likabandikwa ubaoni. Siku nilipomaliza mtihani wa kidato cha sita nilirudi nyumbani, nikafunga madaftari yote kwenye kiroba cha unga, na miezi kumi na moja sikufungua kitabu cha aina yoyote. Hakuna aliyeona kuwa kuna tatizo. Mbona matokeo mazuri? John Stuart Mill, aliyeanzishiwa Kigiriki na baba yake akiwa na miaka mitatu, anasimulia katika tawasifu yake iliyotoka 1873 kwamba alipofika miaka 20 alijiuliza kama angefurahi endapo yote aliyofundishwa kuyapigania yangetimia, akagundua kwamba asingefurahi. Mimi si Mill, wala mama hakujua Kigiriki. Lakini ule ukimya wa miezi kumi na moja naukumbuka. Dada angesema: umekaa kimya ukiwa na divisheni wani, kaka yako ana furaha na hana bima ya afya. Chagua.

Nataka kukataa kuchagua, na najua kukataa kuchagua ni anasa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere aliandika kwamba shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, isiwe maandalizi tu ya kwenda sekondari, kwa sababu watoto wengi wa wakati ule wasingefika huko. Leo wengi wanafika, na bado kila darasa linaishi kwa ajili ya lijalo: la nne kwa ajili ya la saba, la saba kwa ajili ya kidato cha nne. Mzazi anayerudi saa mbili usiku miguu imevimba hakuutengeneza mfumo huu. Kumwambia awe mlezi wa udadisi juu ya yote anayoyafanya ni rahisi kwangu mimi ninayekaa maktaba.

Hata hivyo kuna mtu ambaye aliweza, naye alikuwa anarudi amechoka kuliko dada.

Mama yetu alikuwa anapika vitumbua na maandazi, anauza kibarazani karibu na stendi. Aliishia darasa la saba. Vitumbua vilifungwa kwa magazeti ya zamani ambayo alikuwa akiyanunua kwa kilo, na kazi yangu, tangu nikiwa darasa la pili, ilikuwa kuyachana vipande vinavyolingana kila usiku. Mama akiwa anaandaa mchele wa kesho huniambia, "Nisomee." Macho yake yalikuwa yanauma kwa moshi, ndivyo alivyosema. Nikamsomea chochote kilichokuwa mkononi: kesi ya mirathi, bei ya korosho, barua za wasomaji, mechi ya Simba na Yanga ya miaka mitatu iliyopita. Kwa kuwa vilikuwa vipande, habari karibu zote zilikatika. Kesi inafika hakimu anataka kusema neno, karatasi imeisha. Mama anaacha kazi yake, anasema, "Enhe? Ikawaje?"

"Imeishia hapo, mama."

"Tafuta mwenzake."

Tunaanza kutafuta, mimi na yeye, sakafuni, kwenye rundo la karatasi, saa tatu za usiku. Mara nyingi kipande cha pili hakikuwepo, kimeshaondoka na vitumbua vya mtu. Basi mama anasema, "Mimi naona yule mjane alishinda." Mimi nasema hapana, hati zilikuwa na jina la shemeji. Tunabishana. Kaka anaingilia kati. Kuna kesi moja ya ng'ombe wawili kule Kilosa ambayo sisi watatu hatujakubaliana mpaka leo.

Sisemi mama alikuwa malaika. Siku moja nilisoma huku nikisimamia jiko, vitumbua vikaungua, nikapigwa mwiko wa mgongo uliokuwa bado na mafuta ya moto. Wala sisemi alikuwa na mpango wa malezi. Nimemuuliza. Nilitegemea aniambie kwamba alitaka nipende kusoma. Alinishangaa. "Nilitaka kujua habari," akasema. "Wewe ulikuwa na macho."

Jibu hilo limenikaa kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Mimi nilimlipa mtoto asome vitabu ambavyo mwenyewe sikutaka kuvijua, na aliliona hilo siku ya kwanza, kama watoto wanavyoona mambo. Mama alikuwa na njaa ya kweli ya kujua yule mjane alifikia wapi, na mimi nilikuwa na macho tu. Nilikuwa nahitajika. Hakuna aliyenifundisha kwamba kujua ni kuzuri. Nilikuta watu wazima wanakutafuta sakafuni.

Nilipoingia kidato cha kwanza mlango huo ulitaka kufungwa. Mpaka la saba masomo yetu yalikuwa kwa Kiswahili, na mama aliweza kunisikiliza nikijisomea na kusema "hapo sijaelewa". Ghafla biolojia ikawa Kiingereza, na mama akawa anasikia sauti tu, kama mtu anayesikiliza redio ya nchi ya jirani. Wazazi wengi huishia hapo. Wanabaki na swali moja, umepata ngapi, kwa sababu namba ndiyo lugha pekee waliyobakiziwa. Mama alikataa. "Nigeuzie," alisema. Nikageuza usanisinuru kwa maneno ya jikoni. Akanyamaza kidogo, akatoka nje na kibatari, akarudi. "Kwa hiyo mchicha wangu unakula jua," akasema. "Na usiku je, unalala njaa?" Sikujua. Kesho yake nikaenda kwa mwalimu na swali ambalo si langu, na kwa mara ya kwanza katika shule ile niliuliza kitu kwa sababu kuna mtu nyumbani anasubiri jibu.

Ndiyo maana siamini sana orodha za mambo ya kufanya ambazo wazazi wenye magari hutumiana kwenye simu. Mweke mtoto karibu na vitabu, mzimie televisheni, msifu juhudi usimsifu akili. Yote hayo huenda ni mazuri. Lakini yakifanywa na mtu ambaye mwenyewe hataki kujua kitu chochote, mtoto atayapokea kama alivyozipokea sarafu zangu. Na hapa ndipo ninapokwama, maana siwezi kumwamuru dada atake kujua kitu saa mbili usiku, kama nisivyoweza kumwamuru mwanaye apende. Ni lilelile tatizo, nimelisogeza kizazi kimoja nyuma.

Turudi kwenye treni. Nilimwambia hapana, tiketi haina hela, na vitabu navyo havina hela tena kuanzia leo. Akanirudishia tiketi bila kuisoma. Mpaka Pugu alikuwa amenuna. Baada ya hapo akabandika uso dirishani, na huko mbele akauliza, akiwa hanitazami, ule mkono wa juu ya treni unaoshika waya, kwa nini waya haukatiki wakati treni inakimbia hivi. Nikasema sijui. Akageuka. "Kweli hujui?" Nikasema kweli. Nadhani alidhani kwamba mtu akienda chuo kikuu hiyo sentensi hunyang'anywa.

Morogoro tulimpelekea kaka swali hilo mezani kwake. Naye hakujua, na alifurahi kutojua. Wakafungua mota ya blenda mbovu, ingawa mimi sikuelewa blenda inahusianaje na treni, wakakuta ndani vijiti viwili vyeusi vya kaboni vinavyosugua shaba inapozunguka. Kaka akamchora mtoto kidole chake kwa kaboni ile: laini, inaliwa yenyewe badala ya kula shaba. Wakatafuta kwenye simu wakakuta kwamba pale juu ya ule mkono wa treni napo pana ukanda wa kaboni, na kwamba ule waya haukunyooka juu ya reli, umewekwa kwa kwenda kushoto na kulia kidogokidogo ili usikate mahali pamoja. Mtoto alisoma ukurasa huo polepole, mwingine ukiwa umetafsiriwa vibaya na simu yenyewe, mara mbili. Hakuna aliyemwambia asome. Usiku bibi yake akataka ageuziwe yote hayo, akauliza, "Na hiyo kaboni ikiisha treni ikiwa katikati ya pori?"

Sitaki mtu adhani mambo yamenyooka. Tulirudi Kimara, na kwa wiki tano zilizofuata mtoto hakugusa kitabu cha hadithi hata kimoja. Nilipoondoa sarafu, kusoma nako kuliondoka, kama lile jaribio la 1973 lilivyosema. Hesabu zake za mgawanyo bado mbaya. Dada hana uhakika na mimi, na ana haki. Tumekubaliana tuisheni iwe siku tatu badala ya tano, mitihani ya miaka iliyopita nitaifanya naye mimi, kwa saa na kwa ukali, bila kumdanganya kwamba ni mchezo, na Jumapili jioni anampigia mjomba wake kwa video. Kama Oktoba atarudishwa darasa, gharama itakuwa ya kwake na ya mama yake, si yangu. Nalijua hilo kila ninapomzimia taa.

Juzi dada alirudi akamkuta mtoto yuko macho. Alikuwa na swali kuhusu vitenge: rangi inaingiaje upande wa pili. Dada ameuza vitenge miaka sita. Alisimama mlangoni na viatu mkononi, akasema hajawahi kufikiria. Kisha akaomba apewe maji kwanza, akakaa, akavuta kitenge kwenye mkoba wake na kukigeuza chini ya balbu.

Mtoto alikuwa ananidai shilingi 1,500 za vitabu vitatu vya mwisho. Nimeshazilipa mbili. Cha tatu tunabishana.